Shibiri Moja Kulia

Palma ina walinzi wengi kuliko vitu vya kulindwa. Mmoja analinda duka la simu ambalo halijafunguliwa, mwingine ukuta wa nyumba ambayo haijajengwa, wa tatu lori lililokwisha kuibiwa magurudumu, na sasa analinda lililobaki ili ushahidi usipotee. Kati ya wote hao Buanali alikuwa mtu wa kuamkiwa kwanza, kwa sababu kiunoni mwake, kwenye mkanda wa ngozi aliokuwa akiupaka mafuta ya nazi, mlikaa bastola.

Kampuni yake iliitwa Olho de Garoupa, yaani Jicho la Chewa, na nembo yake ilikuwa samaki huyo, macho yamemtoka kama taa za trekta. Aliyeibuni alikaa Maputo na chewa alimjua kwenye sahani. Wavuvi wa Palma walipoiona imebandikwa getini walicheka mpaka wakakaa chini, maana wao wanamjua akiwa hai: hukaa mdomoni mwa pango akitazama kila kitu, na kikija kitu chenye meno, hurudi ndani kinyumenyume.

Chewa huyu alipewa ghala nje kidogo ya mji, njia ya Quionga. Ndani yake mlikuwa na vyoo: mabakuli ya kauri nyeupe ya kukalia, yamepangwa mpaka darini, yakiingojea hoteli ambayo ingejengwa mara mradi mkubwa wa gesi utakapoanza upya. Mradi ulianza, ukasimama, ukatangazwa kwamba utaanza, na vyoo vilingoja kwa subira kuliko watu. Walinzi watano walivilinda kwa zamu, na wote watano walikuwa na bastola moja.

Waliiita Bibi. Ilikuwa ya Kirusi, nzito, imechakaa kingo, na ilipita kutoka kiuno hadi kiuno. Anayeingia zamu hakusema habari za asubuhi. Aliuliza, "Bibi ameamkaje?" Naye anayetoka alijibu, "Hajambo, hajatoa neno." Ndipo mkanda ulipofunguliwa.

Ukweli ni kwamba Bibi alikuwa na shingo iliyopinda, na aliyejua sababu ni Buanali na mkewe tu.

Siku zile mji uliposhambuliwa na kukimbiwa, Buanali alikuwa zamu. Alifunga ghala, akamchukua mkewe Zuleica, wakatembea maporini hadi Quionga kwenye shamba la shemeji yake. Njiani alitafakari kwamba mtu anayekutwa na bastola huulizwa swali moja, na jibu linalomridhisha muulizaji wa kwanza ndilo litakalomuua mbele ya muulizaji wa pili. Kwa hiyo alimviringisha Bibi katika kanga ya Zuleica, akamtia katika dumu la mafuta lililokatwa, akamzika chini ya mnazi. Hali ilipotulia wakarudi kumfukua, na hapo ndipo alipogundua kwamba hakumbuki ni mnazi upi. Minazi ya Quionga inafanana kama maaskari. Zuleica, aliyekwisha kuchoka kumtazama mume wake akipima vivuli, alichukua jembe akaanza kuchimba mwenyewe. Kwenye mnazi wa nne jembe lilisema ng'wee.

Kile kijino cha chuma kilicho mbele ya mtutu, kinacholisaidia jicho kulenga, kilikuwa kimeinamia kulia. Tangu siku ile risasi za Bibi zilikwenda kushoto.

Mtu mwingine angesema bastola imeharibika. Lakini kampuni ilikuwa imeshasikia kwamba Buanali ameokoa silaha, na delegado, mkuu wa kampuni pale Palma, alikuwa ameshampigia makofi mbele ya watu na kumfanya chefe, yaani mkubwa, wa walenga shabaha. Kusema Bibi ni mgonjwa ni kusema achukuliwe. Buanali alikwenda kichakani na makopo matupu, akapima kosa lilivyo, akarudi na elimu. Ukitaka kifua, lenga shibiri moja kulia kwake, penye bega. Wenzake walipouliza sababu, hakusita.

"Risasi ina adabu," aliwaambia. "Haimwendei mtu usoni."

Wakaikubali. Waliijaribu na ikawa kweli, na elimu iliyo kweli haiulizwi ilikotoka. Asiyeishika vizuri, au aliyechelewa zamu, Buanali alimpeleka getini akalinde kwa filimbi. Kwa walinzi wa Chewa geti na filimbi vilikuwa mwisho wa dunia. Mwenye filimbi haamkiwi, huulizwa njia.

Aliyeijua filimbi kuliko wote alikuwa Hermínio, Mmakonde wa Mute, aliyekaa nayo masika yote kwa kosa la kuchelewa. Hermínio alikuwa mtani wa Buanali. Kati ya watu wa pwani na Wamakonde utani ni sheria, na sheria yenyewe inasema mtani haaminiwi. Mwaka mmoja Buanali alimwambia kwamba kampuni inagawa viatu vya buti huko Mute. Hermínio akaenda mpaka kwao, akarudi na vumbi. Naye Hermínio hakukasirika. Juma lililofuata aliwatangazia watu wa Mute kwamba Buanali amefariki, na Zuleica akajikuta uani na wazee waliobeba kuni na unga wa mazishi, ambao baada ya kumwona marehemu akinyoa ndevu walisema basi, kwa kuwa wameshafika, watakula.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka Osvaldo, delegado mwenyewe, mtu wa Nampula mwenye shati lisilojua kasoro, alipokuja ghalani na sanduku la bastola mpya. Mkataba wa vyoo ulikuwa karibu kwisha, na mwenye vyoo alikuwa amesikia habari za kampuni nyingine zenye silaha za kisasa.

"Kila mtu na yake," Osvaldo alisema. "Huu ndio utaalamu. Jumamosi mteja mwenyewe atakuja kuwatazama mkipiga. Atakayeshindwa atakabidhi silaha, atahamia getini. Hata wewe, chefe Buanali. Hasa wewe."

Bibi alitiwa kwenye mfuko wa plastiki, akaandikwa nambari, akaondoka katika gari kuelekea Pemba, mji mkuu wa mkoa. Gari halijafika barabarani Hermínio alikuwa ameshatandika mkeka mbele ya ghala, kajifunga kitambaa kichwani, analia kwa sauti ya kukodiwa.

"Marehemu alikuwa mtu wa watu. Alilala na kila mmoja wetu na hakumtukana yeyote. Mfiwa yuko wapi? Mfiwa alete kahawa na maandazi, au hatutoki hapa."

"Ondoka mlangoni, mtani," Buanali alisema.

"Mfiwa ana uchungu, msameheni. Ameoa mke mpya siku hiyohiyo ya mazishi, na mke mwenyewe wa plastiki."

Buanali alituma maandazi. Mtani akikaa msibani lazima alishwe.

Mke wa plastiki alikuwa mweusi, mwepesi kama sahani ya harusi. Kitu cha kwanza ambacho Buanali hakukipenda ni kwamba kidole gumba chake hakikuwa na kazi. Kwa Bibi palikuwa na kifungo cha usalama cha kusukuma. Hapa gumba lilipapasa ubavu wa bastola likitafuta, kama mtu aliyeamka bila tasbihi yake. Cha pili, mpini ulikuwa umeegemea nyuma, kwa hiyo alipoinua mkono kama alivyozoea, mtutu ulitazama vilele vya minazi. Cha tatu kilikuwa kibaya zaidi. Bibi alikuwa na kifyatuo kigumu. Ulikivuta kama ndoo ya kisima kirefu, na njiani ulipata muda wa kufikiri, hata kutubu. Cha hii mpya ukikigusa tu kimekubali. Ilikuwa kama kuzungumza na mtu anayejibu kabla hujamaliza swali.

Kuwafundisha aliletwa mwanamke wa Beira aitwaye Flávia, aliyewahi kushindana katika mchezo wa kulenga shabaha, na ambaye Kiswahili chake alikiokota masokoni kikiwa na bei zake zote. Alimwita Buanali tio, mjomba, kama watu wa kule wanavyowaheshimu wakubwa. Buanali aliipokea heshima hiyo kama mgonjwa anavyopokea pole.

Palma huwezi kupiga risasi ovyo. Jioni ya kabla ya mazoezi ilibidi jeshi liarifiwe, na msikitini ikatangazwa kwa kipaza sauti, baada ya mambo ya dini, kwamba milio itakayosikika kesho ni ya Jicho la Chewa, watu wasikimbie. Kesho yake milio iliposikika, nusu ya mtaa ilikimbia hata hivyo, kwa tahadhari, na nusu nyingine ikaja kutazama.

Waliweka ubao wenye sura ya mtu iliyochorwa kwa mkaa, nyuma yake kilima cha mchanga, kando yake mnazi uliokufa kichwa. Buanali alipiga wa kwanza. Akafuata Hermínio, kisha wale watatu. Flávia aliusogelea ubao, akautazama, akapima kwa kiganja, akautazama tena. Kifuani hapakuwa na tundu hata moja. Matundu yote yalikuwa kwenye bega la kulia, yamekaribiana kama kunguru kwenye waya.

"Nani amewafundisha hawa?" aliuliza.

"Mimi," Buanali alisema, na kwa mazoea alijibu kwa fahari.

"Wote?"

"Wote."

"Tio, nimefundisha watu Beira, nimefundisha Nampula na Pemba. Sijawahi kuona watu watano wakikosea mahali pamoja."

Osvaldo, aliyekuwa amesimama mbali akivikinga viatu vyake na mchanga, alisikia maneno mawili ya mwisho tu. Alitoa simu akawapigia Pemba, akawaambia kwamba mwalimu amethibitisha umoja ambao hajauona mkoa wowote.

Flávia alichukua bastola ya Buanali, akaipiga mara mbili bila haraka. Kifua, kifua. Akairudisha.

"Bastola haina kosa. Umelenga wapi?"

Buanali alitazama mchanga. Elimu ile haikuwa ya kuwaambia wageni. "Nimelenga ninapolenga siku zote."

"Piga tena. Mimi sitautazama ubao."

Alipiga, naye Flávia akamtazama usoni muda wote, jambo ambalo kwa mtu wa umri wake lilimtia haya. Risasi moja ikaenda begani. Ya pili ilitoka kabla hajawa tayari, ikachimba mchanga miguuni mwa ubao, na waliokuja kutazama wakapiga kofi moja kwa adabu.

"Mkono wako ni mtiifu," Flávia alisema. "Jicho linatazama begani, mkono unalifuata. Na kidole kinavuta kitu kizito ambacho hakipo. Tio, unapigana na bastola ambayo haiko hapa."

"Sasa nifanyeje?"

"Lenga kifua, utapata kifua."

Buanali alimtazama kuona kama anadhihakiwa. Kulenga kifua ili upate kifua. Ni mjinga gani asiyejua hivyo? Hilo hata asiyesoma analijua. Ikiwa mambo ni hayo tu, basi yeye alikuwa chefe wa nini miaka yote hii?

Alasiri zilizofuata Flávia alizitoa risasi zote akamfanyisha kazi ya mikono mitupu. Alikwenda penye bao ambalo walinzi huchezea nyuma ya ghala, akachukua kete moja, akaiweka juu ya mtutu.

"Kibonyeze kifyatuo mpaka kilie tik. Kete isianguke. Tumia ncha ya kidole, usitumie kiungo. Usikivute. Kibonyeze kama unavyobonyeza embe sokoni kujua kama limeiva."

Kete ikaanguka. Aliiokota, ikaanguka tena. Hermínio alijiletea kigoda.

"Marehemu hakutaka mambo ya kete," alisema hewani tu, bila kumtazama mtu. "Marehemu ulimvuta kwa nguvu, akakupa teke, mkamalizana. Wa leo wanataka kubembelezwa."

"Mtani, wewe mwenyewe umekosa kifua mara zote."

"Nimekosa kwa ruhusa yako, chefe."

Lilikuwa jibu la utani, na Buanali usiku aliligeuza kitandani kama mtu aliyelalia jiwe. Kidole kilikuwa kinaanza kusikia. Kufikia siku ya tatu kete ilikaa juu ya mtutu kama kuku anayeatamia. Lakini jicho halikutaka kusikia. Likitaka kifua lilikwenda begani lenyewe, kama punda anayejua nyumbani.

Nyumbani bastola haikuruhusiwa kwenda. Zuleica alikuwa fundi cherehani, na kitu pekee mle ndani chenye mpini na uzito ilikuwa pasi ya mkaa. Buanali aliichukua akasimama uani, mkono mbele, jicho moja kalifumba, majivu yakimdondokea kwenye kidole cha mguu. Jirani alichungulia juu ya ua wa makuti, akarudi chini taratibu.

"Baba Nadia," Zuleica aliita kutoka barazani, sare ya shule ikimngoja mapajani, "leta pasi, mkaa unazimika. Jirani keshaniuliza nguo zimekukosea nini."

"Subiri kidogo. Nalenga."

"Unalenga nini?"

"Ule mpapai."

"Mbona unalitazama tangi la maji?"

Buanali alilifumbua jicho la pili. Kweli alikuwa akilitazama tangi. Tangi la jirani, shibiri moja kulia kwa mpapai, jeupe, limejaa.

Zuleica hakucheka mara moja. Aliinuka, akamnyang'anya pasi kwa upole, kama anayemnyang'anya mgonjwa kisu, kisha akacheka mpaka akashika nguzo.

"Jembe nilipiga mimi," alisema alipopata pumzi. "Tena mara moja tu, baba Nadia, na nilikuwa nimechoka. Wewe umelipiga tena kila ulipofyatua, miaka yote hii. Mimi nimepinda chuma. Wewe ukaifanya elimu, ukawafundisha na watoto wa watu."

"Waliniamini."

"Ndiyo. Na Jumamosi wakikunyang'anya mkanda utawaambia nini? Risasi ina adabu?"

Usiku ule alimwona kwa macho ya moyo mtu aliyekaa getini na filimbi shingoni, watu wakimuuliza njia ya kwenda hospitali, na mtu huyo alikuwa na masikio ya Buanali mwenyewe.

Wakati huohuo Osvaldo naye hakulala. Ijumaa mwalimu wa Beira alikuwa amemwambia kwa lugha safi kwamba watu wake wanapiga begani na hawataki kuacha. Osvaldo alikuwa mtu wa ofisini, na mtu wa ofisini anajua kwamba tatizo lina pande mbili, na upande rahisi ni ubao. Alitafuta rangi nyekundu iliyobaki walipopaka geti. Asubuhi ya Jumamosi yule mtu wa mkaa alikuwa na duara jekundu, zuri, la kung'aa, kwenye bega la kulia.

"Mheshimiwa," alimweleza mteja, bwana mmoja aliyevaa kofia ngumu ya ujenzi ingawa juu yake palikuwa na anga tu, "sisi Jicho la Chewa hatuui. Tunaheshimu haki za binadamu. Tunapiga bega, mwizi anaangusha silaha, anaondoka akiwa na majuto."

Mteja alifurahi sana. Alisema kule makao makuu wangependa kusikia neno kama hilo. Flávia alilitazama duara, akamtazama Osvaldo, akafunga kamba za viatu vyake, ambazo zilikuwa zimefungwa.

Buanali aliitwa wa kwanza, kwa cheo. Aliziba masikio kwa pamba, akasimama kwenye mstari, akainua mkono, akakiinamisha kiwiko kidogo kama alivyofundishwa ili mtutu usitazame minazi. Jicho likaenda begani, nyumbani kwake. Na pale begani palikuwa na duara.

Moyo wake ulitulia ghafla. Kwa mara ya kwanza tangu mnazi wa nne wa Quionga, alichokuwa akikitazama ndicho alichotakiwa kukipiga.

Lakini elimu haifi kirahisi. Kabla hajagusa kifyatuo, sauti yake mwenyewe ya miaka yote ilimwambia: ukitaka duara, lenga shibiri moja kulia kwake. Jicho likaanza safari. Likaliacha bega, likatoka nje ya ubao, likafika kwenye shina la ule mnazi uliokufa kichwa, likatua penye fundo jeusi, likastarehe. Alikaribia kubonyeza. Ndipo ule mnazi ulipomkumbusha minazi mingine, na kijasho cha mke wake, na ng'wee ya jembe.

Akalirudisha jicho. Lilirudi likikokota miguu. Duara, alijiambia, duara lenyewe, kama mjinga yeyote. Akaifikiria kete juu ya mtutu, akabonyeza embe. Bastola ilitoa mlio bila kumwomba ruhusa na bila kumshtua. Tena. Tena. Magazini ilipokwisha, duara lilikuwa limetoboka kama chujio, isipokuwa risasi moja iliyokwenda kando kidogo, kwa kumbukumbu ya marehemu.

Flávia alimkubalia kwa kichwa. Osvaldo alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Buanali alitoa pamba masikioni, na alipokuwa akirudi alipishana na Hermínio aliyekuwa akienda kwenye mstari.

"Mtani," alimnong'oneza, "lenga duara."

Hermínio alitabasamu. "Duara."

"Duara lenyewe. Usiende kulia. Hii imenyooka, ile ya zamani ilipindika. Nisikilize, leo sina utani."

Hakuna maneno mabaya zaidi ambayo angeweza kuyachagua. Leo sina utani ndiyo maneno aliyoyasema siku ya buti za Mute.

"Nimekusikia," Hermínio alisema. Aliwageukia wale watatu waliokuwa nyuma yake na kuwaambia kwa sauti ya kutosha, "Mkubwa wetu ameshapata lake, sasa anataka sisi tuishie getini. Amelipiga duara mbele ya macho yetu kwa elimu ileile, halafu anatuambia tulenge duara. Mtani wangu ni mtamu."

"Wallahi nakwambieni kweli," Buanali alisema.

"Na kiapo juu. Siku ile ya buti hakuapa. Leo jambo ni kubwa."

Wale watatu walicheka, wakamtazama Buanali kwa mapenzi, kama mnavyomtazama mzee anayeficha sukari. Walikuwa wameona kwa macho yao: chefe amelipiga duara. Na kila mmoja alijua chefe hulipigaje. Wakasimama kwenye mstari mmoja baada ya mwingine, watulivu, waaminifu, wakapima shibiri moja kulia kwa duara, na wakapiga.

Ubao haukuguswa. Vumbi lilipotua, fundo jeusi la mnazi halikuonekana tena. Mahali pake palikuwa na shimo la kuingiza ngumi, na unga wa shina kavu ukimwagika. Risasi zote za watu wanne zilikuwa zimeingia hapohapo.

Mteja alivua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena.

"Ule mnazi umekosa nini?" aliuliza.

"Onyo, mheshimiwa," Osvaldo alisema papo hapo. "Kabla ya bega lazima onyo. Ni sheria yetu."

"Zote ni za onyo?"

"Sisi ni waangalifu sana."

Mkataba uliongezwa. Mteja aliandika kwamba vyoo vyake viko mikononi mwa watu ambao, katika silaha tano, nne hutumia kuonya, jambo ambalo lingempunguzia kesi. Lakini neno lililosemwa mbele ya watu lilikuwa limesemwa, na Osvaldo alitaka kuonekana mkali: wanne wakakabidhi bastola, wakapewa geti. Flávia alirudi Pemba na ahadi ya kuja kuwafundisha upya. Kabla ya kupanda gari alimwambia Buanali, "Tio, waambie ukweli wa ile ya zamani. Watajifunza upesi."

Buanali aliwaambia. Aliwakalisha kwenye mkeka, akawasimulia Quionga, dumu, kanga, mnazi wa nne, jembe la Zuleica, kila kitu. Walisikiliza mpaka mwisho. Hermínio akamshika goti.

"Ni hadithi nzuri, mtani. Na ya mke kuchimba umeipamba vizuri."

Basi akabaki na mkanda wake na fahari yake, mtu mwenye silaha peke yake kati ya vyoo vya kauri. Alivyotaka ndivyo ilivyokuwa. Kitu kimoja tu hakukitazamia. Zamu ilipokwisha aliifungia bastola kwenye kabati la chuma, na asubuhi aliitoa kwenye kabati la chuma, na kabati halikumuuliza Bibi ameamkaje. Siku moja, hakuna mtu karibu, alijibu hata hivyo.

Asubuhi moja alisikia filimbi getini ikilia kwa namna ya ajabu, kama bata aliyekanyagwa, kisha vicheko. Alikwenda. Wale wanne walikuwa na filimbi moja, kwa kuwa nyingine hazijafika, na Hermínio alikuwa akiwafundisha wenzake, mmoja kakunja shingo, mdomo umekwenda upande.

"Kona ya kushoto," Hermínio alisema. "Ya kushoto kabisa, karibu na shavu. Katikati haitoki."

"Nipe," Buanali alisema.

Aliipuliza katikati. Ikatoka hewa tupu. Akaipuliza kwa kona ya kushoto ya mdomo, ikalia kama bata. Aliigeuza kwenye jua, akaona pale ilipokanyagwa na gurudumu la lori.

"Ina ufa," alisema.

Hermínio aliichukua, akaifuta kwa shati, akamkabidhi anayeingia zamu. Anayeingia akauliza, "Mjukuu ameamkaje?" na Hermínio akajibu hajambo, hajatoa neno. Kisha akamgeukia Buanali, uso mkavu kama wa mwalimu.

"Haina ufa, chefe. Filimbi ina adabu. Haimpigii mtu kelele usoni."